Inspekta wa Asubuhi, Kiraka wa Jioni

Pale dukani walimwita Bi Kwanini, na jina hilo alilipata kihalali. Kazi yake ilikuwa kurekebisha miwani: kukaza skrubu ndogo kama mbegu za ufuta, kukunja mikono ya fremu iliyomkaa mtu vibaya masikioni, kusugua kingo za lenzi mpaka ziingie mahali pake. Ni kazi ya kimya, lakini kinywa chake hakikuumbiwa kimya. Mteja akileta miwani iliyovunjika, mwenzake wa kaunta alisema tu, "Njoo kesho." Bi Kwanini yeye aliuliza: imevunjikaje? Uliikalia? Ulikuwa unawaza nini mpaka ukakaa bila kutazama? Na ajabu ni kwamba watu walimjibu. Walikuja kuacha miwani, wakaondoka wameacha na habari za nyumbani kwao.

Ufinyanzi nao ulimwingia kwa mlango huohuo. Siku moja alikuwa anarudi kutoka sokoni, kapu mkononi, akapita kando ya ukumbi mmoja wa zamani nyuma ya shule. Dirisha lilikuwa wazi. Ndani aliketi mwanamke wa makamo, aproni yake imekakamaa kwa tope, mbele yake gurudumu linazunguka, na katikati ya viganja vyake bonge la udongo lilikuwa linapanda. Ukitazama kwa mbali ungeapa hakuna anayelisukuma. Lilipanda kama mkate unavyoumuka, likawa na bega, likawa na shingo, likawa mtungi. Bi Kwanini alisimama pale mpaka mboga zikaanza kulegea kapuni. Mwisho akaingiza kichwa dirishani.

"Samahani, dada. Hilo linapandaje?"

Yule mwanamke hakuinua macho. "Ukisimama huko nje hutajua kamwe."

Akazunguka, akatafuta mlango. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wake, na kuanzia hapo kila alipopata nafasi baada ya kazi, Bi Kwanini alikuwa ukumbini, bega kwa bega na wafinyanzi wengine wa kujifurahisha kama yeye: muuza dawa, dereva wa kike wa teksi, na bwana mmoja wa benki aliyefinyanga visahani vya majivu ilhali havuti sigara.

Udongo una kiburi, hasa kwa mgeni. Kwanza ni lazima ukae katikati ya gurudumu, katikati hasa, maana ukiwa pembeni hata kwa unene wa ukucha unakurusha mikono kama punda asiyetaka kupandwa. Bi Kwanini aliyezoea skrubu za miwani alidhani mikono yake ni stadi. Kumbe mikono ni kama watoto, kila mmoja hujua shule yake tu. Kikombe alichokianza kilitanuka kikawa bakuli, bakuli likalala likawa sahani, sahani ikawa aibu. Vilivyosalimika aliviingiza kwenye tanuri, na vilivyotoka tanurini alivipeleka nyumbani.

Mumewe, fundi wa mafriji, mtu mpole wa maneno machache, alivipokea vyote kwa heshima zote.

"Hiki ni nini, mke wangu?"

"Hujui? Chombo cha maua."

"Aaa." Akakigeuza huku na huku. "Basi kitafaa sana kuwekea skrubu."

Hivyo ndivyo skrubu za mafriji zilivyopata makao. Lakini taratibu mikono ilijifunza. Ikafika siku bakuli lake likasimama wima, ukuta wake sawasawa pande zote, na mwalimu akapita, akaligonga kwa kucha, akasema, "Hili sasa ni bakuli." Bi Kwanini alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, watu wakamtazama.

Chaki za rangi zilikuja baadaye, tena kwa bahati. Yule muuza dawa alikuwa anahama, akamwachia sanduku la chaki laini, zile ambazo zinaacha vumbi lake kwenye karatasi yenye ukwaruzo na unaweza kulisambaza kwa kidole kama poda ya uso. Bi Kwanini hakujua la kuchora. Alitupa macho ukumbini, akamwona mbwa mzee wa mwalimu amelala karibu na tanuri, mahali pake pa siku zote. Akaanza na pua. Kazini ametazama macho ya watu miaka nenda rudi, kwa hiyo alipofika kwenye macho ya yule mbwa alipunguza mwendo. Jicho moja lilikuwa na wingu hafifu, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Akalichora na wingu lake.

Mwalimu alisimama nyuma yake akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ndiye," akasema mwisho. "Watu humpiga picha, anatokea mbwa. Hapa ametokea yeye."

Habari husafiri. Haikuchukua muda watu wakaanza kumletea wanyama wao: sungura, kasuku, mbuzi wa bwana wa benki. Hakutoza chochote, alisema akianza kutoza itakuwa kazi, na kazi anayo. Alitaka kitu kimoja tu. Hakuchora kutoka kwenye picha ya simu. Alitaka kwenda mnyama anakoishi, akae, achore, huku mwenyewe akimsimulia habari za mnyama wake. "Uso bila habari zake ni sura tupu," alizoea kusema. Ukweli ni kwamba alipenda kuingia nyumba za watu. Kila sebule kwake ilikuwa swali.

Ndipo alipokutana na mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, aliyekuja dukani kubadilisha lenzi. Mzee alikaa kwenye kiti kana kwamba bado anaendesha treni, mgongo wima, macho mbele. Mazungumzo ya miwani yakaleta mazungumzo ya paka.

"Nina paka mmoja, mwanangu," mzee alisema, "anaitwa Inspekta. Wanaume wa namna ile hawapo tena. Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, yuko dirishani. Hapitilizi, hachelewi. Anaingia, anakagua chumba kwa chumba, hata chini ya kitanda. Akiridhika ndipo anakula."

"Na usiku analala wapi?"

"Hapo sasa," mzee akasema, akainua kidole. "Alasiri anaondoka. Anakwenda kulinda mtaa, nadhani. Sijui. Nimemwuliza mara nyingi."

Bi Kwanini alicheka, na mwisho wa juma alikuwa kwa mzee.

Ilikuwa nyumba ndogo, safi kama mswaki mpya. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mzee aliendelea kupanga kila kitu alivyokuwa akipanga marehemu, vikombe mdomo chini, magazeti kwa tarehe. Dirishani palikuwa na pazia la buluu, na mbele ya pazia aliketi Inspekta mwenyewe. Alikuwa paka wa mabaka, meusi na ya rangi ya kutu, kifua cheupe pe, na katika jicho moja la rangi ya asali palikuwa na doa la kahawia, dogo, kama chai iliyorukia kitambaa. Alikaa wima, mkia umezunguka miguu, akautazama mlango, dirisha, kisha mgeni, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa mtu anayeandika ripoti kichwani.

"Unaona?" mzee akanong'ona. "Yuko kazini."

Alimchora asubuhi ile, na nyingine mbili tatu zilizofuata, maana chaki haipendi haraka. Mzee alisimulia. Inspekta hapendi kubebwa. Inspekta hali sana, mzee amejaribu kila kitu, anaonja tu kama mkaguzi wa hoteli. Na kuna jambo moja la ajabu: siku nyingine anakuja ananukia dawa ya kuchua misuli.

"Dawa ya kuchua?"

"Ile kali, ya wazee. Mimi situmii. Tena siku moja alikuja na uzi mwekundu umezunguka mkiani. Nikajiuliza, huyu bwana kwani ameajiriwa hospitali, au kiwanda cha nguo?"

Siku ya kumalizia, Bi Kwanini alikuwa anajaza pazia la nyuma, vidole vyake vyote ni buluu. Inspekta akashuka dirishani, akaja kumkagua miguu. Bila kufikiri, Bi Kwanini akainama akamkuna chini ya kidevu. Paka akakubali kidogo, akajitoa, akarudi kazini, kifua chake cheupe kimebaki na ukanda wa buluu kama tai. Wakacheka, wakajaribu kumpangusa kwa kitambaa, akawakwepa, akapita dirishani akaenda zake.

Jioni hiyohiyo Bi Kwanini alikuwa na miadi mtaa wa pili. Mshonaji mmoja, mwanamke wa rika lake, alikuwa amekuja dukani akilalamika kwamba tundu la sindano limekuwa adui yake, wakati wa kupimwa akasikia habari za picha, akasema, "Shoga, lazima uje umchore Kiraka wangu."

Mshonaji aliishi na mama yake chumba na sebule, na sebule ndiyo ilikuwa karakana. Cherehani chini ya taa, vipande vya nguo kila mahali, magauni yasiyo na mikono yakining'inia ukutani yakisubiri. Mama yake aliketi kwenye kochi, miguu imeinuliwa juu ya stuli. Miguu ile ilikuwa inamsumbua siku nyingi, na chumba kizima kilinukia dawa ya kuchua. Bi Kwanini aliivuta harufu ile puani, akahisi kitu kinamgonga kwa mbali, lakini hakukishika.

"Kiraka atakuja sasa hivi," mama alisema. "Jioni ndio saa yake. Mchana kutwa hajulikani aliko, mzururaji yule. Lakini jioni lazima aje alale miguuni pangu. Daktari ana dawa zake, mwanangu, mimi nina paka wangu. Akinilalia hapa, maumivu yanakaa pembeni kama mgeni asiyekaribishwa."

Dirisha la uani likagongwa na kitu laini. Akaingia paka wa mabaka. Akaruka moja kwa moja kwenye kochi, akajimwaga juu ya miguu ya mama kama unga uliokandwa, tumbo juu, miguu huku na huku, ulimi nje kidogo.

"Jamani!" mshonaji alipiga kelele. "Kiraka! Nani amekupaka buluu?"

Bi Kwanini akaitazama tai. Akalitazama jicho la asali lenye doa la chai. Kisha akaiingiza mikono yake polepole chini ya mfuko wake wa karatasi, maana kwenye mizizi ya kucha buluu ilikuwa bado haijatoka.

"Watoto wa mtaani hawa," mama akasema. "Hawana adabu."

"Ni… ni paka dume?" Bi Kwanini aliuliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua.

"Dume wapi! Jike huyu. Rangi tatu namna hii, jike."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa mdomoni, limeshavaa viatu. Lakini Bi Kwanini akatazama tena kwenye kochi, akamwona yule aliyekaa asubuhi kama ofisa wa forodha sasa amelala kama mlevi wa mapenzi, na udadisi ukamshika mkono. Je, ni paka mmoja kweli? Mtu anaweza kuwa hivi huku na vile kule, bila kujichanganya? Akatoa karatasi. Akaanza kuchora.

Nyumbani alimsimulia mumewe, aliyekuwa ameinama ndani ya friji la mtu hadi kiunoni.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," sauti ya mumewe ikatoka ndani ya friji.

"Maana yake?"

"Maana yake wewe ndiye kata. Waambie."

"Nitawaambia. Nimalize kwanza picha."

"Picha," mumewe akasema, "au kuangalia?"

Jibu lilikuwa linajulikana. Aliendelea. Kwa mzee alirudi eti kurekebisha kivuli cha pazia. Kwa mshonaji alirudi kwa sababu ya kweli, picha ilikuwa haijakwisha, na siku moja mshonaji akimsimulia habari za miguu ya mama yake alilia. Akazitandaza zile picha mbili sakafuni kwake na kushangaa. Mabaka yaleyale, doa lilelile, na bado usingesema ni mnyama mmoja. Inspekta alikuwa na mabega. Kiraka hakuwa na mfupa hata mmoja. Alijikuta anawaza mambo ya kwake mwenyewe: Bi Kwanini wa dukani, na yule wa gurudumuni, na yule ambaye mama yake akimpigia simu sauti yake inarudi kuwa ya kitoto. Nani kati yao angechorwa?

Basi asubuhi moja alimkuta mzee amemshika Inspekta kwapani, uso umemtoka jasho, anamsukumia kidonge mdomoni.

"Dawa ya minyoo," mzee alihema. "Daktari wa mifugo amesema hii itamsaidia kula. Haya, bwana mkubwa, meza. Ameza! Ameza."

Jioni akapita kwa mshonaji. Mshonaji alikuwa amesimama na kikombe kidogo, anaponda kitu kwa kijiko.

"Umekuja wakati mzuri, shoga, unisaidie kumshika. Nimemnunulia Kiraka dawa ya minyoo. Tumbo lake silipendi."

Bi Kwanini hakupanga maneno. Yalimtoka kama maji ya mtungi uliopasuka.

"Usimpe! Ameshapewa leo asubuhi!"

Kijiko kikasimama. "Amepewa na nani?"

Akasema. Akasema yote, mzee, treni, pazia, buluu. Akavitoa na vidole kama ushahidi ingawa vilikuwa vimeshatakata. Mama kwenye kochi alianza kucheka katikati ya habari, akaacha alipouona uso wa binti yake.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu… siku ile ya kwanza."

"Siku ile ya kwanza." Mshonaji akaweka kikombe chini, polepole sana. "Mimi nakueleza habari za mama yangu, za miguu yake, nalia mbele yako hapa, wewe umekaa unajua. Unachora unachekea moyoni. Kumbe ulikuwa unatuchora sisi."

"Sikuwa nacheka, dada. Nilikuwa…"

"Ulikuwa nini?"

Nilikuwa nataka kuona. Hilo ndilo lilikuwa jibu, na alipolisikia kichwani kwake akaona jinsi lilivyo baya, akalimeza. "Nisamehe," akasema.

Mshonaji alijifunga kitambaa kichwani. "Nipeleke kwa huyo mzee."

Mzee alifungua mlango akakuta wanawake wawili, mmoja amevimba kwa hasira, mwingine amesinyaa kwa haya. Akawakaribisha, akawasikiliza wima kama aliyepokea habari za ajali kwenye reli. Walipomaliza alikwenda dirishani, akasimama akiwapa mgongo.

"Kwa hiyo alasiri haendi kulinda mtaa," akasema.

"Anakuja kwetu," mshonaji akasema, sauti yake imeanza kulainika bila ruhusa yake. "Analala miguuni kwa mama."

"Na dawa ya kuchua…"

"Ya mama."

"Na uzi mwekundu."

"Wa kwangu. Nilikuwa na gauni la harusi la… ah, mzee, hiyo siku niliutafuta uzi ule!"

Mzee akageuka. "Inspekta ni mwanamke?"

"Tangu azaliwe."

Mzee akakaa. Hilo lilionekana kumlemea kuliko mengine yote. Lakini lilipopita, uso wake haukufurahi. Alisema asante kwa habari, akawasindikiza, akafunga mlango. Na kesho yake, Inspekta alipokwisha kuingia na kukagua, mzee akafunga na dirisha.

Alimweleza Bi Kwanini mwenyewe baadaye, bila kujificha. Alasiri ilipofika paka alikwenda dirishani, akakaa. Mzee akamwekea samaki. Hakugusa. Akaanza kulia, mlio ambao mzee hakuwahi kuusikia kwake, mwembamba, wa kuita. "Miaka yote nimeendesha treni," alisema, "sijawahi kumzuia abiria asishuke kwenye kituo chake. Nikakaa kwenye kiti nikamtazama. Nikajiuliza, huko kuna nini ambacho hapa hakipo? Nilikuwa na wivu, mwanangu, lakini nilikuwa na hamu ya kujua kuliko wivu. Nikavaa koti, nikafungua dirisha. Yeye akapita dirishani, mimi nikapita mlangoni."

Alimfuata. Ni nyuma ya ukuta tu, kumbe, kwa paka ni mruko mmoja, kwa mzee ni kuzunguka mtaa mzima. Akaulizia njiani, akafika kwa mshonaji akihema, kofia mkononi. Mama alikuwa kwenye kochi na paka alikuwa amekwisha kumwagika miguuni pake.

"Shikamoo, mama," mzee akasema, ingawa walikuwa rika moja. "Nimekuja kumwona Inspekta akiwa likizo."

Siku hizo Bi Kwanini hakuwapo. Mshonaji hakumwita, na yeye hakuwa na uso wa kwenda. Alirudi kwenye gurudumu akakaa hapo. Alikuwa ameanza bakuli refu, akaupandisha ukuta, akaupunguza unene, akaupunguza tena, vidole viwili ndani na viwili nje, mpaka ukawa kama karatasi. Ukatetema, ukakunjamana, ukalala.

Mwalimu alikuwa amesimama kando. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilitaka kuona unaweza kuwa mwembamba kiasi gani."

"Basi umeona," mwalimu akasema, akaenda kumtazama bwana wa benki.

Aliukusanya udongo, akaukanda upya. Akaukata vipande viwili, akafinyanga mabakuli mawili mafupi, yenye kitako kizito kisichopinduliwa na paka. Hayakuwa ya kupendeza sana. Moja alimpelekea mzee, la pili akaenda nalo kwa mshonaji, akabisha hodi akiwa tayari kurudi nalo.

Mshonaji alifungua. Akalitazama bakuli, akamtazama aliyelileta.

"La nini?"

"La maji. La Kiraka."

"Huyo anakunywa kwenye ndoo ya kufulia, hata umpe dhahabu." Akalipokea hata hivyo, akalipima uzito mkononi. "Hili litafaa vifungo." Akaenda kulijaza vifungo papo hapo, akiwa amempa mgongo. Mlango aliuacha wazi. Bi Kwanini alisimama kizingitini hajui kama uwazi ule ni wa kuingia au wa kutoka.

"Mwambie aingie, anatuletea mbu," mama akaita kutoka kwenye kochi.

Akaingia. Hapo ndipo alipomwona mzee wa treni, ameketi kwenye stuli kando ya cherehani, anatenganisha nyuzi kwa rangi, kijani na kijani, nyekundu na nyekundu. Alionekana amezoea. Ilielekea hakuwa hapo kwa mara ya kwanza wala ya pili. Yeye na mama walikuwa kwenye ubishi uliokwisha kuchukua siku kadhaa, kuhusu yale masaa ya alasiri. Maana walipojumlisha habari zao waligundua kwamba Inspekta anaondoka kwa mzee mapema kuliko anavyofika kwa mama. Katikati hapo yuko wapi?

"Ana nyumba ya tatu," mama alisema kwa uhakika.

"Anapumzika juu ya ukuta," alisema mzee. "Hata treni husimama njiani kupisha nyingine."

"Ukuta gani na jua lile!"

Walipogeuka wote wawili kumtazama Bi Kwanini, mtaalamu wa maswali, yeye akainua mikono. "Safari hii simfuati," akasema. "Nikimfuata nitajua, na nikijua itanibidi niwaambie." Mshonaji akacheka, kicheko kifupi kilichomponyoka, akajidai anakohoa.

Mambo ya dawa na chakula yalipangwa: kidonge ni kwa mzee, maana ndiye anayeweza kumshika, na samaki ni kwa mama. Majina yakabaki mawili. Mzee alijaribu kumwita Kiraka asubuhi moja, paka hakugeuza hata sikio.

Zikabaki zile picha. Bi Kwanini alikuwa amekwisha kuzipuliza dawa ya kushika vumbi la chaki na kuzitia kwenye fremu, Inspekta mbele ya pazia la buluu kwa ajili ya mzee, Kiraka kwenye kochi kwa ajili ya mshonaji na mama yake. Alizileta siku moja zikiwa pamoja, akazisimamisha juu ya meza ya kukatia nguo. Watatu wale wakazitazama. 

"Kama hutajali," mzee akasema, akigusa pembe ya fremu isiyo yake, "mimi ningechukua hii. Ya kochi. Yule mwingine namwona kila siku. Huyu…" Akakitazama kile kitumbo kilichogeuzwa juu. "Huyu kwangu hajawahi kulala hivi."

Mama alikuwa ameshaivuta ile ya dirishani karibu na macho yake. "Tazama alivyokaa," akamwambia binti yake. "Kama karani wa mahakama. Na kwetu hapa anajifanya hajui hata kukaa."

Basi wakabadilishana. Ile ya pazia la buluu ikatundikwa juu ya cherehani, na wateja wanaokuja kupimwa magauni huuliza huyo paka mkali ni wa nani. Mshonaji hujibu, "Ni wetu, ila hapo yuko kazini," kisha huwaacha na mshangao wao. Kwa Bi Kwanini alirudi kidogo kidogo, leo salamu, kesho chai. Siku moja alimletea aproni ya turubai yenye mfuko mpana mbele, akamwambia, "Hii ni ya tope. Na ukija kwangu, uliza unachotaka, lakini na wewe usimulie."

Lilikuwa sharti gumu kuliko linavyosikika. Jaribio la kwanza Bi Kwanini alikaa kwenye kochi la watu, kikombe mkononi, akatafuta la kusimulia kuhusu nafsi yake, asilipate, mpaka mama akaanza kumwuliza yeye maswali, moja baada ya jingine, kwa furaha ya kulipiza.

Juma lililopita alikuja dukani bwana mmoja mwenye miwani minene, akitaka ibadilishwe vile vipande laini vya kukalia pua. Alipokuwa anasubiri akasema anasikia hapa kuna mtu anachora wanyama. Yeye ana kobe. Alimrithi kwa baba yake, na baba naye alimkuta kwenye nyumba alipoinunua.

Bi Kwanini akaweka bisibisi chini. "Anakutambua?"

Bwana yule akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Unajua," akasema, "hilo nimekuwa nikijiuliza tangu nikiwa mtoto. Akiniona anatoa kichwa. Lakini akiona jani la kabichi pia anatoa kichwa."

"Kwa namna ileile?"

"Sijui. Sijawahi kulinganisha."

Bi Kwanini alikuwa ameshaanza kutafuta kalamu aandike anwani. "Jumamosi uwe na kabichi," akasema.